Wafu Arobaini wa Kitovuni

Jina la nchi silitaji, na msinibane. Nimefanya kazi ya ukarani wa masjala katika Wizara ya Moshi na Hewa kwa miaka ishirini na sita, nimehudumu chini ya mawaziri tisa, na wote waliniaga kwa kunishika mkono isipokuwa mmoja aliyetokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo haya si maneno ya barazani. Mihuri yake ninayo. Mkiona mahali nchi hii inafanana na nchi yenu, hiyo ni shida yenu na nchi yenu, mimi simo.

Habari yenyewe inaanzia siku moshi ulipopewa bei. Kule ng'ambo wakubwa walikaa wakaona dunia inazidi joto, wakaamua kila tani ya moshi iwe na bei yake: anayeutoa alipe, anayeuzuia alipwe. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Daktari Bakili Ngwengwe (ni daktari mara mbili, udaktari wa pili alitunukiwa hotelini), aliposikia neno "alipwe" hakungoja kuelezwa lile lingine. Aliitisha mkutano uwanjani, akapanda jukwaani na shada la maua shingoni.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ikamtetemeka kwa uchungu, "mababu zenu walivuta hewa hii bure. Bure kabisa, kama yatima. Kuanzia leo hewa yetu ina heshima yake, ina bei yake, na ina wizara yake."

Watu walipiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia mwavuli.

Sheria ya Bei ya Moshi ilitoka wiki mbili baadaye, na naomba mnisikilize kwa makini, maana ni sheria niliyoipiga chapa kwa vidole vyangu hivi. Kifungu cha kwanza kilieleza moshi ni nini, kwa kuwa huwezi kutoza kitu usichokijua. Moshi, kisheria, ni ule unaotoka chini ya kimo cha paa la nyumba. Unaotoka juu ya hapo ni wingu, na mawingu yako chini ya idara ya hali ya hewa, ambayo haina mamlaka ya kumtoza mtu. Kiwanda cha saruji cha shemeji yake Mheshimiwa kina bomba la mita sitini. Kilipimwa kwa haki, kikaonekana hakitoi moshi hata chembe. Siku hiyohiyo mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua nyuma ya ofisi yetu alikutwa anatoa moshi wa kutisha, usawa wa goti. Alitozwa ushuru, akalipa, akahama. Mpaka leo wizara nzima inakunywa chai kavu.

Wizara nayo ilitakiwa kuonyesha mfano. Ukatoka mwongozo kwamba, kwa kuwa karatasi ni mti, hakuna waraka wowote utakaozidi ukurasa mmoja. Taarifa ikija na kurasa nyingi, karani wa masjala atabakiza wa kwanza na zilizobaki atazichoma. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu kila Ijumaa, kwenye pipa, juu ya paa la jengo. Nilipanda huko makusudi ili moshi wangu uwe wingu.

*

Bi Somoe Mwinyikambi alikuja ofisini asubuhi moja ya Jumatatu. Ni mama wa miaka sabini na mmoja, mwembamba, mwenyekiti wa kamati ya msitu wa kijiji cha Kitovuni. Alivua ndala mlangoni, jambo ambalo halijawahi kutokea katika wizara yetu, akakaa ukingoni mwa kiti na kufungua fundo la kanga. Ndani yake mlikuwa na barua yetu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimepata hii. Inasema msitu wetu hauna kazi."

"Ndiyo, mama. Msitu ambao haujasajiliwa unaitwa msitu usio na kazi. Baada ya siku tisini unapewa kiwanda cha saruji, ukachome matanuri."

"Vijiji vitatu tunakunywa chemchemi inayotoka humo ndani. Hiyo si kazi?"

Nilimweleza kwa upole kwamba kunywewa maji hakumo kwenye fomu. Hakugomba. Aliniuliza tu msitu unasajiliwa vipi, nikampa fomu, tukaijaza pamoja. Tulikwenda vizuri hadi swali la sita: "Taja anayetishia kuukata msitu huu."

"Hakuna," alisema Bi Somoe.

"Fikiri vizuri, mama."

"Nifikiri nini? Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake tunakizika msituni pamoja na mche. Mti huo ni wake. Nani atakata mti wa mtu mzima, anayepumua? Na ile isiyo na mwenyewe ni ya chemchemi, hiyo hata fimbo ya kuswagia mbuzi huchumi."

Nikaandika "Hakuna", roho ikiniuma, kwa sababu nilijua amejifunga mwenyewe. Watu wa ng'ambo hulipia msitu uliokuwa ukatwe ukaokolewa. Msitu ambao hakuna anayeutakia ubaya, umeokolewa na nini?

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "aliyekata misitu maisha yake yote, akaacha jana jioni, analipwa?"

"Vizuri sana."

"Na sisi ambao hatujakata tangu enzi za mababu?"

"Nyinyi hamna mlichoacha, mama."

Aliisoma tena barua. Kisha akasema, "Lakini si nyinyi mnataka kuupa kiwanda? Basi uko hatarini. Andika hapo: serikali."

Nilicheka kwa adabu. Nikamfahamisha kwamba hatari inayotoka serikalini haiitwi hatari, inaitwa maendeleo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula cheti cha ndoa, na mimi, sijui kwa nini, nikajikuta napanga kalamu zangu upya.

*

Msidhani wizara yetu ni ya wanyama. Watu wa namna ya Bi Somoe walikuwa wengi, na kwa ajili yao ilikwisha kuanzishwa Idara ya Vitisho. Kazi yake ni kwenda kwenye misitu isiyo na adui na kuitishia rasmi, kwa niaba ya umma, ili iweze kuokolewa. Afisa Mtishaji wa kanda yetu alikuwa Bwana Pantaleo Rutaba, mwalimu wa muziki wa zamani, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi hata akimpisha kuku njiani. Alipewa shoka la serikali lenye namba nyekundu kwenye mpini, na tamko la kusoma.

Nilifuatana naye Kitovuni kama shahidi. Wanakijiji walikuwa wamefagia njia. Bwana Pantaleo alisimama mbele ya msitu, akakohoa, akainua shoka hadi usawa wa kifua, maana bega lake moja ni bovu.

"Shikamooni wazee," alianza.

"Marahaba."

"Nimekuja kuwatishia."

"Karibu sana, mwanetu," alisema Bi Somoe. "Umetoka mbali. Utatishia ukiwa umekula."

Akala. Wali wa nazi, kisamvu, na samaki wa kukausha. Baada ya kunawa alisoma tamko lake, kwamba yeye, kwa mamlaka aliyopewa, angeufyeka msitu ule bila huruma, mti kwa mti. Alipofika kwenye "bila huruma" sauti ilimkwama, mzee mmoja akampelekea maji. Kisha akatia saini, kijiji kikatia saini, nikapiga muhuri, na akina mama wakamfungia Bwana Pantaleo mihogo ya kupeleka nyumbani. Mimi nilipewa papai.

Tulirudi mjini tukiwa na hakika kwamba msitu umepona. Hatukuwa tumemfikiria mkaguzi.

*

Mkaguzi wa ng'ambo tulimwita Bwana Yosti. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya kamba, Kiswahili chake kimenyooka kupita cha mtangazaji wa taarifa ya habari, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alisoma kila kitu na aliamini kila alichosoma. Alikwenda Kitovuni peke yake, akamkuta Bi Somoe anachambua mboga.

"Mama, Afisa Mtishaji alipofika, mlihisi hofu?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili za mjini angejiliza, angeonyesha kovu, angesema hata watoto hawalali. Watu wa Kitovuni hawajui hayo. Kwao ukimsema mgeni aliyekula kwako kwamba alikuwa mbaya, umejitia aibu wewe mwenyewe.

"Hofu ya nini?" alisema Bi Somoe. "Kijana wa watu, hata shoka hajui kulishika. Tulimpa chakula."

Bwana Yosti aliandika: "Kitisho hakiaminiki." Faili likarudi wizarani likiwa na mstari mwekundu, zikiwa zimebaki siku ishirini na mbili msitu uende kiwandani.

Mheshimiwa aliitisha kikao. Alikasirika kweli, kwa sababu alikwisha kuahidi fedha za Kitovuni kwenye mambo mawili tofauti, na moja lilikuwa gari. Alizunguka meza mara tatu.

"Mkaguzi anataka hatari ya kuaminika," alisema. "Tutampa. Kateni miti arobaini iwe sampuli. Akiiona imelala chini ataamini iliyobaki ilikuwa njiani kulala."

Mwanasheria wa wizara akanyoosha kidole. Kanuni za ng'ambo, alisema, zinaheshimu mno mila za wenyeji. Hukati hata kijiti kama mila hairuhusu. Ikabidi mila zichunguzwe, na mtaalamu mshauri alikaa Kitovuni siku tano, akaleta taarifa ya kurasa mbili. Mnajua nilivyofanya. Ukurasa wa pili ulikwenda kwenye pipa siku ya Ijumaa, kwa mujibu wa mwongozo.

Ukurasa uliobaki, mstari wake wa mwisho ulisomeka hivi: "Mti wa mtu aliye hai haukatwi kamwe. Mtu akifariki, mti wake huruhusiwa kukatwa, akachongewa mjukuu kitanda."

 Kila mtu aliitazama ile karatasi, kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa vitabu vya vyeti vya vifo vilikuwa kabatini kwangu, tangu wizara yetu ilipounganishwa na idara ya usajili ili kupunguza matumizi ya taa.

"Wangapi?" niliuliza.

"Arobaini," alisema Mheshimiwa. "Na chagua wenye miti minene."

Sikuona ubaya wowote. Nasema kweli, sikuona. Hakuna aliyekuwa akiuawa. Ilikuwa ni karatasi tu, tena moja moja, hakuna iliyozidi ukurasa. Niliandika wazee thelathini na watatu, mchinja nyama mmoja aliyezaliwa mwaka wa mvua nyingi mti wake ukanenepa upesi, mwalimu mkuu, na wengine nimewasahau. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Somoe Mwinyikambi. Sababu ya kifo niliweka "kawaida". Alasiri hiyohiyo Mheshimiwa akauza ng'ambo moshi wote ambao marehemu arobaini hawatautoa tena katika mafiga yao, na nchi yetu ikatajwa kwa sifa kwenye mkutano fulani.

*

Tulikwenda Kitovuni na msafara: Bwana Pantaleo na shoka lake, vijana wanne wa kiwanda na misumeno, Bwana Yosti na daftari, na mimi na bahasha ya vyeti. Niliwaita kwa majina, mmojammoja. Kila marehemu alikuja akachukua cheti chake, akashukuru. Wasiojua kusoma walisomewa na mwalimu mkuu, ambaye alisoma na chake.

Bi Somoe alikiangalia cheti kwa muda mrefu. Alikigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Nilimwona midomo inamcheza, nikajua anaogopa, kwa sababu mti wake ulikuwa palepale nyuma yake, na kijana wa kiwanda alikwisha kuuwekea alama ya chokaa.

"Huu muhuri ni wa serikali?" aliuliza.

"Wa serikali, mama."

"Haubatiliki?"

"Muhuri wa wizara haubatiliki."

"Basi nimekufa," alisema. Akakaa chini kwenye mkeka, akavuta kanga akajifunika kichwa, na binti yake akaanza kulia. Si kilio cha kuigiza, la. Nadhani yule binti alikuwa akilia hasira, na hasira nayo ina machozi yake. Mara nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu, kijiji kizima kikawa msibani. Mchinja nyama alilazwa barazani mwake, akafumba macho. Wanaume wakaja na kamba ya ukindu, wakaizungusha kwenye mlango wa msitu, wakaifunga.

"Hiyo kamba ya nini?" aliuliza kijana wa msumeno.

Mwalimu mkuu marehemu alitujibu kwa ufasaha. Kwao, alisema, anapofariki yeyote aliyewahi kunywa maji ya chemchemi, msitu hufungwa siku arobaini. Chuma hakiingii. Shoka, panga, msumeno, hata sindano. Siku zikiisha ndipo mti wake unaweza kukatwa. Na kila maiti ana matanga yake mwenyewe; kumchanganya na mwenzake ni kumdharau. Anamalizwa mmoja, anaanza mwingine.

"Mbona taarifa ya mila haikusema hayo?" nilisema.

"Imesema," alisema Bwana Yosti, akatoa nakala yake kwenye mkoba. "Ukurasa wa pili."

Akavua kofia, kwa ajili ya marehemu. Akapiga hesabu: watu arobaini, siku arobaini kila mmoja, ni siku elfu moja na mia sita. Miaka minne na zaidi ya miezi minne. Akaandika kwenye faili kwamba msitu wa Kitovuni uko katika hali ya kusubiri, kwa kuheshimu mila za wenyeji, na hakuna mtu, kampuni wala kiwanda atakayeugusa hadi matanga yaishe. Bwana Pantaleo aliliweka shoka chini kwa uangalifu, akaenda kukaa na wafiwa. Nilimsikia akiwaanzishia wimbo.

*

Sasa mnadhani walikaa raha mustarehe. Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka barua Kitovuni, na niliona. Marehemu halipi ushuru wa moshi, hilo ni kweli, na walipika walivyotaka. Lakini Bi Somoe alipojikata mguu shambani, zahanati walimtazama kwenye kitabu wakasema hawatibu wafu, aende kwao. Alijitibu kwa majani, akawa anachechemea. Mwalimu mkuu alitolewa kwenye orodha ya mishahara, akaendelea kufundisha, watoto wakawa wanamletea mayai. Wazee wawili walikufa kweli katikati ya kipindi hicho, na hatukuweza kuviandika vifo vyao kwa sababu vilikwisha kuandikwa. Walizikwa kimyakimya, bila cheti. Sikulala vizuri wiki ile.

Mwaka wa nne uchaguzi ulikaribia, na Kitovuni iko jimboni kwa Mheshimiwa Ngwengwe. Kiwanda nacho kilikuwa kimekwisha kuchoma misitu minne isiyo na kazi na matanuri yalikuwa yanapoa. Shemeji alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Basi Mheshimiwa akaja mwenyewe, bila shada la maua, akaketi kwenye kigoda mbele ya Bi Somoe.

"Mama yangu," alisema, "nimekuja kukurudishia uhai wako."

"Ahsante, baba. Na msitu?"

"Tuanze na uhai kwanza."

"Nauliza. Nikiwa hai, hakuna matanga. Faili la Bwana Yosti linafungwa. Msitu unarudi kuwa nini?"

Mheshimiwa alinitazama mimi. Nikasema, kwa kuwa ni kazi yangu kusema, "Usio na kazi, mama."

"Na usio na kazi unakwenda wapi?"

 Bi Somoe alinyoosha mguu wake mbovu, akaupapasa.

"Tuache tumekufa, baba," alisema. "Tumeshazoea."

Mheshimiwa alitoka pale amenuna, lakini hakuwa na wasiwasi wa kura, na niwaambieni kwa nini. Katika nchi yetu wafu ndio wapiga kura bora. Hawachelewi, hawaombi fulana, na hawajawahi hata mara moja kumpigia mpinzani. Jina la marehemu haliondolewi daftarini. Linahamishiwa kitabu chenye jalada jeusi, na katibu wa chama huwajazia karatasi zao mapema, kwa kuwahurumia. Mheshimiwa alihesabu arobaini wa Kitovuni kama akiba.

Asubuhi ya uchaguzi, kabla katibu hajafungua kalamu, marehemu arobaini pungufu wawili walikuwa mlangoni, wamevaa nguo za sikukuu, kila mmoja na cheti chake mkononi. Msimamizi wa kituo alifungua jalada jeusi. Majina yalikuwemo. Mihuri ilikuwa halali. Aliutafuta mwongozo, na mwongozo ulisema marehemu hapangi foleni. Wakapishwa, wakaingia mbele ya watu wote, Bi Somoe wa kwanza, akichechemea.

Mheshimiwa Daktari Daktari Bakili Ngwengwe alishindwa kwa kura thelathini na moja. Alitaka kwenda mahakamani siku hiyohiyo. Wakili wake alimuuliza malalamiko ni yapi.

"Wafu wamepiga kura," alisema Mheshimiwa.

Wakili aliikunja karatasi yake, akamwomba asilirudie neno hilo mbele ya mtu.

*

Waziri wa kumi alikuwa mtu wa tabasamu. Barua yake ya kwanza ilinituma Kitovuni na hati arobaini za uhai, nizigawe kwa hafla fupi, mpiga picha awepo. Nilimkuta Bi Somoe jikoni kwake, moshi mwingi, chungu cha maharage kinachemka. Aliniletea maji ya chemchemi kwenye kata. Yalikuwa baridi, na nilikuwa na kiu, nikanywa yote.

"Huyu mpya anasemaje kuhusu kiwanda?" aliuliza.

"Ameunda tume, mama."

"Na ile sheria?"

"Ipo vilevile."

Aligeuza maharage. Nikaitoa hati yake ya uhai kwenye bahasha, nikaiweka juu ya mkeka. Nikamwambia kwa hiyo karatasi zahanati watamtibu mguu kesho. Nilimsihi. Nilikuwa nataka sana aichukue, maana mimi ndiye niliyemwandika wa kwanza, na kila nilipomwona anachechemea nilijichukia. Nilimwambia hivyohivyo.

"Najua, mwanangu," alisema. "Sikulaumu sana. Lakini zimebaki siku mia tatu na kumi tu, halafu kamba inafunguliwa. Hati hizi sizo ninazozitaka." Akanyanyuka kwa kushika mlango. "Kile kitabu kingine unacho?"

Nilikuwa nacho. Karani hatembei bila vitabu vyake.

Alinitoa nje, uani kwake. Kulikuwa na watu, na foleni yao ilipita nyuma ya zizi la mbuzi ikapotelea kwenye migomba. Walikuwa wametoka vijiji vyote vitatu vinavyokunywa chemchemi, akina mama na watoto mgongoni, vijana, mganga wa zahanati aliyemfukuza Bi Somoe, naye akitazama chini. Mbele yao wote alisimama Bwana Pantaleo Rutaba, na tai shingoni.

"Siku arobaini kila mmoja," alisema Bi Somoe. "Wameshahesabu wenyewe."

Mpiga picha aliniuliza afanye nini. Nikamwambia apange foleni. Nilivuta kigoda, nikafungua kitabu cha vyeti vya vifo, nikaandika: Pantaleo Rutaba, sababu, kawaida. Akakipokea kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa usumbufu. Wakafuata wengine. Niligonga muhuri hadi wino ukaanza kufifia na bega likaniuma, na kila mmoja aliyekufa alikwenda kukaa kivulini kumsubiri mwenzake.

Vilipobaki vyeti viwili, kimoja nilimpa mpiga picha. Alikuwa ameyanywa maji, nilimwona. Cha mwisho niliandika jina langu.